Injini, Klachi na Ukimya wa Mwanachuo

Huenda msomaji atashangaa kukuta katika jarida hili la mbinu za kufundishia makala yanayohusu injini na klachi ya gari. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatukusudii kufundisha umakanika. Wapo walioisomea kazi hiyo, na kama itakavyoonekana mbele, sisi hatumo miongoni mwao. Tunalotaka kusimulia ni jambo lililotupata katika karakana ya chuo chetu tulipokuwa tukifunga injini katika gari tuliloliunda wenyewe. Jambo hilo lilitufunulia kasoro katika ufundishaji wetu ambayo tulikuwa tumeishi nayo darasani kwa miaka mingi bila kuitambua, kwa sababu darasani kasoro ya namna hiyo haitoi mlio.

Chuo chetu kina shamba la mahindi lililo kilomita 4 kutoka kwenye majengo, na kwa muda mrefu mavuno na kuni vililetwa kwa mkokoteni au kwa vichwa vya wanachuo. Mwaka 2016 kikundi cha ufundi kilipendekeza kuunda gari dogo la mizigo. Kikundi kilikuwa na wanachuo 18, nasi wakufunzi 3 tukakisimamia: wawili wetu walifundisha ufundi, na wa tatu alifundisha mbinu za kufundishia. Wanachuo walikuwa wamesikia habari za Nyayo Pioneer, magari yaliyoonyeshwa nchini Kenya mwaka 1990, na za Kiira EV ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyoendeshwa hadharani mwaka 2011. Baadhi yao walidhani sasa tunakwenda kuongeza jina la tatu katika orodha hiyo. Tuliwaambia mapema kwamba letu litakuwa mkokoteni wenye injini, basi. Chasisi tuliichomelea kwa mabomba ya mraba. Injini, giaboksi, difu na ekseli vilitoka katika Toyota Corolla moja iliyopinduka na kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Bodi ilikuwa ya mbao na mabati.

Injini yenyewe ilikuwa ya aina ya 4K, yenye silinda nne. Hatuwezi kuipita bila kutaja asubuhi moja tuliyoifurahia mno. Tulikuwa tumefungua kichwa cha injini ili kusafisha masizi, na mwanachuo mmoja, ambaye siku zote aliziogopa hesabu za mcheduara, akapewa rula na kalipa apime mwenyewe. Alipata kipenyo cha silinda milimita 75, na mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu milimita 73. Akakokotoa kwa chaki juu ya sakafu: nusu ya kipenyo ni sentimita 3.75, ukizidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.1416, kisha kwa 7.3, unapata sentimita za ujazo 322.5. Kwa silinda nne zikawa 1,290. Tulipofungua kitabu cha injini hiyo, tukakuta imeandikwa 1,290. Mwanachuo yule aliruka kama mtoto. Nasi tulijisifu kwa wiki nzima kwamba gari letu lafundisha hisabati, fizikia na Elimu ya Kujitegemea kwa pamoja, kama ilivyotakiwa tangu mwaka 1967. Yamkini kujisifu huko ndiko kulikotufumba macho.

Kwa ajili ya wenzetu wasioifahamu klachi, twaieleza kwa ufupi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, yaani flaiwili, linalozunguka wakati wote injini inapowaka. Kati ya gurudumu hilo na giaboksi hukaa sahani nyembamba iliyowambwa kitu kigumu cha msuguano pande zote mbili. Mafundi huiita klachi pleti. Nyuma yake hufungwa presha pleti, ambayo kwa nguvu ya springi zake huigandamiza sahani hiyo kwenye flaiwili hata vyote vizunguke kama kitu kimoja na kuipeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Dereva akanyagapo pedali, uma husukuma beringi, beringi husukuma vidole vya presha pleti, na sahani huachiwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba klachi pleti ina nyuso mbili zisizofanana. Katikati ya uso mmoja ni bapa kiasi. Katika uso wa pili kitovu na springi ndogo vimetokeza nje. Uso uliotokeza hutazama giaboksi. Ukigeuzwa, kitovu na springi hugota kwenye bolti za flaiwili, na klachi haifanyi kazi yake.

Mmoja wetu alilifundisha somo hili vizuri sana. Twasema hivyo bila kejeli, kwa maana kwa vipimo vyote tunavyowafundisha wanachuo kulikuwa na utangulizi, malengo, zana, maswali na marejeo. Alichora ubaoni kwa chaki za rangi tatu. Injini aliiweka mkono wa kushoto, giaboksi mkono wa kulia, na klachi pleti katikati, springi zake zikiwa nyekundu. Akasema, "Springi zatazama kulia." Wanachuo wakaandika katika madaftari yao kwamba springi zatazama kulia.

Katika kipindi hichohicho lilitokea jambo dogo ambalo wakati ule hatukulipa uzito. Miongoni mwa wanachuo alikuwamo binti mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye baba yake ana gereji chini ya mwembe katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu. Alikua akimpa baba yake spana kabla hajajua kusoma. Mkufunzi alipoitaja "sahani ya msuguano," binti huyo aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, si ndiyo klachi pleti?" Akajibiwa kwamba hapa ni chuo cha ualimu, tunatumia istilahi sanifu, na lugha ya gereji aiache getini. Wenzake walicheka. Sisi wengine wawili tuliokuwa tumekaa nyuma ya darasa kutazama somo tulicheka pia, ingawa kwa staha. Binti akaketi. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena, nasi tulidhani ameelewa.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi. Tulisimamisha miti mitatu ya mkaratusi juu ya chasisi na kuning'iniza cheni bloki tuliyoazima. Injini ilikuwa imekaa chini juu ya matairi mawili, na kwa bahati tu, jinsi ilivyotelemshwa siku ile, mbele yake ilitazama mkono wetu wa kulia. Idara ya useremala ilikuwa imetukerezea kijiti cha mninga chenye unene wa shafti ya giaboksi, ili kukipitisha katika kitovu cha klachi pleti hadi kwenye tundu lililo mwisho wa krenki, na hivyo kuiweka sahani katikati kabisa kabla ya kuikaza presha pleti. Kifaa hicho twakipendekeza kwa karakana yoyote. Hakigharimu kitu nacho hufanya kazi kama cha dukani. Mkufunzi aliyefundisha somo aliishika klachi pleti mwenyewe, akawakumbusha wanachuo mchoro wa ubaoni, akauliza, "Springi zatazama wapi?" Wakajibu kwa pamoja, "Kulia, Mwalimu!" Akazielekeza kulia. Msomaji ameshaona. Ubaoni, kulia palikuwa na giaboksi. Pale sakafuni, kulia palikuwa na injini. Wanachuo 18 na wakufunzi 3 tulisimama tukitazama sahani ikifungwa kinyume, na kila mmoja wetu alikuwa na daftari lililothibitisha kwamba iko sawa.

Giaboksi iliingia, bolti zikakazwa, mzigo mzima ukainuliwa kwa cheni na kushushwa taratibu juu ya raba zake. Jioni injini iliwaka kwa mara ya pili ya kupiga stata. Watu walikuja mbio kutoka bwaloni kushangilia. Kisha mmoja wetu akakanyaga klachi na kujaribu kuingiza gia ya kwanza, na mlio wa meno yaliyokataa kukutana ukawanyamazisha wote.

Wiki mbili zilizofuata tulizitumia kutafuta kosa mahali lisipokuwapo. Tulikaza waya wa klachi, tukaulegeza, tukanunua mwingine. Tukaona kwamba bati la mbele ya miguu ya dereva linanesa pedali inapokanyagwa, tukalichomelea vyuma vya kulitia nguvu. Kazi nzuri, ila haikuhusika. Tukapima uchezaji wa pedali mara tatu kwa siku. Injini ikiwa imezimwa, gia ziliingia bila taabu; ikiwaka, ziligoma. Wakati wote huo binti yule alikuwa nasi. Yeye ndiye aliyetushikia taa.

Siku moja mkufunzi mwenzetu alisema tujaribu kuingiza gia kwanza, kisha tuwashe injini huku klachi imekanyagwa. Akafanya hivyo. Gari liliruka mbele na kuigonga meza ya jiliwa ikasogea hadi ukutani. Mwanachuo aliyekuwa amesimama kati ya gari na meza hiyo alikuwa ameondoka punde tu kwenda kuchota maji ya rejeta. Tulisimama kimya. Hakuna aliyetaka kusema ambalo kila mtu alikuwa akiliwaza, na karakana ikafungwa mapema.

Usiku ule binti alikuja nyumbani kwa mkufunzi mmoja wetu, akiwa amemshika mwenzake mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini usiku huu?"

"Samahani, Mwalimu. Nadhani klachi pleti imegeuzwa."

"Umejuaje?"

"Niliiona siku ile ikifungwa."

"Mbona hukusema?"

Alinyamaza kitambo, akitazama chini. Kisha akasema, "Nilidhani labda ya chuoni inafungwa hivyo."

Neno hili tumelirudia mara nyingi baina yetu. Halikuwa kejeli; binti alilisema kwa moyo mweupe. Tulikuwa tumemfundisha kwamba chuoni vitu vina majina mengine, na yeye, kwa akili nzuri kabisa, alihitimisha kwamba huenda navyo vyenyewe ni vingine. Ujuzi aliokuja nao tulimwambia auache getini, akauacha kweli, kama mwanachuo mtiifu. Sisi hatukujua kwamba mtu hawezi kuacha neno peke yake. Huacha na kile ambacho neno hilo limekishika.

Wapo watakaosema kwamba lawama ni ya binti, au ni ya malezi yetu yanayomzuia kijana kumsahihisha mkubwa. Hatukubali. Adabu ya namna hiyo tumelelewa nayo sote na hatutaki iondoke. Zaidi ya hayo, binti mwenyewe alitueleza baadaye jinsi mambo yalivyo katika gereji ya baba yake, ambako adabu haina mchezo hata kidogo. Huko kijana anayejifunza akisema bolti fulani haikukazwa, na ikaonekana imekazwa, atachekwa na kazi itaendelea. Lakini akiiona haikukazwa akanyamaza, siku hiyo hali chakula na mafundi. Kumbe chini ya ule mwembe kunyamaza ndiko utovu wa adabu. Chuoni kwetu, penye maandalio ya somo na malengo yaliyoandikwa kwa wino, ilikuwa kinyume chake.

Tulirudi kuyatazama maswali yetu wenyewe. Mmoja wetu aliketi nyuma ya madarasa ya wenzake kwa wiki moja akiandika kila swali alilolisikia. Lililoongoza lilikuwa "Tumeelewana?" na jibu lake, kama kila mwalimu ajuavyo, ni "Ndiyo, Mwalimu." La pili lilikuwa lile la kuwaachia wanafunzi wamalizie neno: "Springi zatazama ku...?" "...lia!" Maswali ya namna hii hayaulizi kitu. Ni wimbo wa kuitikiana, nao una utamu wake. Hulichangamsha darasa lililosinzia baada ya chakula cha mchana. Ila hauna nafasi ya mtu mmoja kusema, "Ngojeni, mbona naona sivyo?" Atakayesema hivyo atakuwa ameharibu wimbo.

Kuna jambo jingine ambalo ni vigumu kwetu kuliandika. Wiki moja kabla ya usiku ule tulikuwa tumejaza fomu za tathmini ya kazi-mradi. Katika safu ya ushiriki tulimpa binti huyo alama 4 kati ya 10, na mbele yake tukaandika: "Hatoi mawazo." Tulipoomba tuirekebishe alama hiyo, tuliambiwa muda umekwisha na fomu zimefungwa. Imebaki hivyo katika kumbukumbu zake hadi leo.

Kulitoa na kulirudisha lile dude kulituchukua Jumamosi mbili. Tulipoifungua presha pleti tulikuta alama za kukwaruzwa zikizunguka juu ya bolti za flaiwili, na kitovu cha klachi pleti kimelika ukingoni. Ilibidi tununue nyingine. Safari hii tuliwakabidhi wanachuo kazi, na wao wenyewe wakamchagua binti awaongoze. Alipoishika klachi pleti mpya hakusema kulia wala kushoto. Aligusa springi kwa kidole akasema, "Tumbo hili kwa giaboksi, mgongo kwa injini." Ni maneno ambayo hayabadiliki hata ukiigeuza karakana nzima.

Ilipofika zamu ya giaboksi, ikakwama. Ilibaki nafasi kama ya vidole viwili kati yake na injini. Mkufunzi yuleyule, kwa nia njema, alichukua bolti ndefu ili aivute iingie kwa kuikaza. Binti akasema mbele ya watu wote, kwa sauti iliyotetemeka, "Hapana, Mwalimu, itavunja masikio." Karakana ilinyamaza. Mwenzetu alisimama na bolti mkononi kwa muda ambao sisi tuliuona mrefu, kisha akairudisha katika kopo. Lazima tumsifu hapa, maana haikuwa rahisi. Binti akaingiza gia ya nne kwa mkono, akamwambia mwenzake aizungushe polepole shafti iliyo mkiani mwa giaboksi huku wengine wakiishikilia isining'inie kwa uzito wake, kwa kuwa uzito ukiachwa juu ya shafti hupinda kitovu cha sahani. Meno ya shafti yalipokutana na meno ya kitovu, giaboksi ikateleza ikaingia yenyewe bila kulazimishwa. Mtu aliyekuwa nje ya dirisha angeweza kusikia mlio mdogo wa chuma kikikutana na chuma, na kisha pumzi za watu zikitoka kwa pamoja.

Tangu wakati huo tumebadili mambo machache katika karakana, nasi twayaeleza kwa wenzetu bila kudai kwamba yamefaulu yote. Kabla ya kufunga chochote ambacho hakitaonekana tena, kazi husimama, na kila aliyepo hueleza anachokiona, akianza wa mwaka wa kwanza na kumalizia mkufunzi. Mara nyingi tunayoyasikia hayana maana, na dakika kumi hupotea. Mwanachuo mmoja alituambia anaona kutu kwenye kitu ambacho kilikuwa rangi. Pia hatutumii tena kulia na kushoto katika michoro, bali upande wa injini na upande wa giaboksi, na yule anayechora hutakiwa ageuze mchoro wake angalau mara moja mbele ya darasa. Kuhusu majina, mwanachuo hulileta jina alilonalo kwanza, tukaliandika ubaoni, kisha tukaliweka jina la kitabuni kando yake. Msomaji ataona kwamba katika makala haya tumeandika klachi pleti, si sahani ya msuguano. Mhariri akitaka kubadili, twamwomba asibadili.

Mwenzetu mmoja wa idara nyingine ametupinga waziwazi. Asema utaratibu huu utawafanya wanachuo wazoee kumkatiza mwalimu, na kwamba watakapopelekwa shuleni watawafundisha watoto ubishi. Hatuna jibu la kumridhisha. Mwaka jana kweli alikuwapo mwanachuo aliyekatiza kila kipindi kwa wiki tatu, bila kuwa sahihi hata mara moja, na mmoja wetu alitamani sana kumwambia auache mdomo wake getini.

Gari linatembea. Linakwenda shambani na kurudi ndani ya eneo la chuo, likiwa na magunia sita na kelele nyingi. Barabarani haliruhusiwi, nasi wenyewe hatungeliruhusu, kwa sababu breki zake bado hazijaturidhisha. Somo la breki tutalianza muhula ujao. Binti alihitimu, sasa anafundisha darasa la 4 katika shule ya msingi isiyo na karakana, na amemwomba baba yake klachi pleti kuukuu akafundishie msuguano. Lile bati tulilolitia vyuma bila sababu lingalipo mbele ya miguu ya dereva, nalo ndilo sehemu iliyo imara kuliko zote katika gari letu.